Sindano Imebaki Nyumbani

Wifi yangu alimjua tembo miaka thelathini na moja kabla hajamwona. Alimjua kwa mpasuo. Hema likishushwa kwenye lori na kutandazwa juu ya meza yake ndefu, hakuwa na haja ya kusoma kikaratasi ambacho watu wa kambi walikifunga kwenye kamba, kilichoandikwa "limeharibiwa na mnyama." Alipitisha kiganja tu. Tembo, alisema, anaanza juu na kushuka, hana haraka, na kitambaa kinabaki na nyuzi ndefu zinazoning'inia. Nyani anatafuta zipu. Ana akili ya mwizi aliyewahi kukaa ndani ya nyumba. Fisi anang'ata kona ya chini na kuvuta kinyumenyume, kwa hiyo pete za kamba zinang'oka zote upande mmoja. Na ukiona mpasuo mfupi, ulionyooka, wenye midomo safi, mnyama huyo ana mikono miwili, ana kisu, na kambi inamlipa mshahara.

Hilo la mwisho hakuwaambia wateja. Alishona akanyamaza. Mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza, maana mteja ukimuumbua harudi.

Watu walimwita Fundi Turubai, kisha jina likachakaa kwa kutumika, likabaki Fundi, kana kwamba mji mzima hauna fundi mwingine. Alikuwa mke wa kaka yangu. Kaka alikuwa utingo wa malori ya masafa, kazi yake kufunga na kufungua maturubai ya mizigo, na yaliyopasuka aliyaleta nyumbani ili mkewe ayashone sakafuni, amepiga magoti, kwa sindano ya kushonea magunia. Kaka alifariki mapema, kwa ugonjwa ambao siku hizi unaondoka kwa vidonge. Alimwachia mkewe watoto wawili na rundo la maturubai ya watu.

Aliyarudisha yote yakiwa yameshonwa. Kisha akaenda kwa mzee mmoja aliyekuwa na cherehani kubwa nyuma ya gereji, akaomba kazi. Yule mzee akamwambia mkono wa mwanamke hausukumi sindano kupita tabaka tatu za turubai. Wifi akakunja turubai mara nne, akasukuma. Mzee akasema sawa, lakini utaanza kwa kufagia. Akafagia mwaka mzima, na hadi leo anafagia kabla ya kugusa kitambaa, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye mshono unaukata uzi polepole kama msumeno. Macho ya mzee yalipokwisha, ile cherehani aliinunua yeye. Mimi ndiye niliyepatana bei. Mzee alitaka zaidi, nikamuuliza ataiuzia nani mwingine na hali haoni hata anayeingia mlangoni. Lilikuwa neno baya, lakini lilikuwa kweli, na cherehani ikahama.

Mimi nauza maturubai yaliyotumika, kamba, zipu na pete. Nanunua kwa kilo, nauza kwa mita, na katikati ya kilo na mita ndipo nilipojengea nyumba. Kwa hiyo nikisema kwamba wifi ni fundi mzuri, sisemi kwa undugu. Nimeona kazi za wengi. Mshono wake hauvuji.

Sasa, hamu yake ya kwenda kuwaona wanyama ilianza hivi.

Miaka kumi na kitu nyuma, kambi moja ya watalii, mteja wake mkubwa kuliko wote, ilimwita mbugani kwa dharura. Upepo ulikuwa umeyalaza mahema tisa. Akapakiwa kwenye lori pamoja na magunia ya vitunguu, akaingizwa geti la nyuma, akapewa stoo iliyokuwa karibu na jiko. Akashona siku mbili ameinama. Asubuhi aliwasikia wageni wakipanda magari. Mchana aliwasikia wakirudi, wanasimuliana: umemwona yule mama, umemwona mtoto wake, alikuwa karibu hivi. Siku ya tatu lori likamrudisha. Majirani walimzunguka wakitaka habari za mbuga.

"Mbuga nzuri," aliwaambia. "Nimeona turubai."

Watu walicheka. Nami nilicheka. Yeye hakucheka, na mimi sikulitia maanani, kwa sababu malipo yalikuwa mazuri.

Mwaka jana likaja hema ambalo sakafu yake ilikuwa na alama ya tope lililokauka. Ya mviringo, kubwa kama sinia, yenye mistari kama kiganja cha mkulima. Wifi akachukua futi yake ya kitambaa, akaipima huku na huku. Kisha akavua kiatu, akaweka mguu wake katikati ya alama ile, akautazama muda mrefu.

"Nataka kwenda kuwaona," akasema.

"Nani?"

"Hawa. Wananiharibia kazi miaka thelathini, na kwa uharibifu huohuo wananilisha. Hatujawahi kuonana uso kwa uso. Hata mtu na mdeni wake wanaonana."

"Basi meneja si anakuita kila mwaka? Nenda, utalala bure, utawashonea matatu manne, utarudi na chochote mkononi."

"Siendi hivyo. Nitakwenda niketi. Nilipe, niketi, nitazame. Sindano ibaki nyumbani."

Nikamwambia mwanawe, nikidhani atamrudisha kwenye akili. Mwanawe ni karani wa bima, mtu wa shati lililopigwa pasi hata Jumapili. Akaja mchana, akala, akaketi kwenye kochi la mama yake, akajikohoza.

"Mama, wanyama wako kwenye televisheni. Unawaona vizuri kuliko aliye hukohuko."

"Na chakula kiko kwenye televisheni. Mbona hapa umekula sahani mbili?"

"Nasema hivi kwa ajili ya umri wako."

"Umri gani, baba? Nakwenda kuketi. Kuketi kuna umri?"

"Watu watasema mama yetu amekosa la kufanya."

"Waambie ni kweli. Nimekosa la kufanya kwa siku mbili, na nitalipia."

Kijana akanigeukia. "Shangazi, hebu sema na wewe."

"Mimi nasema aende," nikajibu. "Ila abebe mkoba wa kazi. Bure ni bure, mwanangu. Nikilisikia neno hilo masikio yananisimama."

"Wifi, mkoba unabaki."

"Sindano moja tu. Ya dharura."

"Sindano moja ndiyo iliyonifikisha hapa," akasema, na kunyanyuka kuosha vyombo. Maneno yakakatwa hapo.

Kwa kuwa alishikilia kulipa, nikaona angalau alipe kidogo. Nikampigia meneja. Nikataka bei ya wenyeji, katikati ya wiki, msimu usio na watu, sisi wawili hema moja, chai ya asubuhi na gari la kutembelea wanyama vikiwa ndani. Alianza kwa kuniita bibie, akaja kuniita dada, mwisho akaniita mama. Ukiona meneja amefika kwenye mama, ujue bei imefika mfupani. Nikakata simu kabla hajabadili mawazo.

Tulisafiri kwa basi hadi kituo cha mwisho, na kutoka hapo pikapu ya kambi iliyokuja kuchukua mboga ikatubeba. Ilitushusha mbele ya geti kubwa, yenyewe ikazunguka nyuma na makabichi yake. Mlinzi akatoka kibandani. Alimjua wifi tangu enzi za mahema tisa.

"Fundi, shikamoo. Karibu sana. Mizigo iko stoo, pitia geti la nyuma."

"Marahaba. Leo siendi stoo."

"Mafundi wote wanapita nyuma, mama. Si mimi, ni utaratibu."

"Utaratibu wa wageni ukoje?"

"Wageni wanapita hapa."

"Basi fungua."

Mlinzi akamtazama mikononi, akatazama begani. "Mkoba wa kazi uko wapi?"

"Umebaki nyumbani na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Fundi."

Nikampa risiti. Akaisoma mbele, akaigeuza akasoma na nyuma, ambako hakukuwa na kitu. Kisha akafungua ubawa mmoja wa geti. Tulikuwa wawili, kwa miguu, na begi moja moja; tungepita hapo hata tukiwa na mbuzi. Wifi hakusogea. Alisimama pale, mikono ameifunga kifuani, anautazama ule ubawa wa pili, mpaka mlinzi akalivuta komeo lake la chuma na kuusukuma nao ukafunguka wote. Ndipo tukaingia. Mimi niliona haya kidogo. Baadaye yakanitoka.

Meneja alikuwa kijana nadhifu, viatu vyake havijui tope. Akatuletea juisi mwenyewe hadi hemani.

"Mama Fundi, tumefurahi sana. Sitaki kukusumbua, ila kuna zipu moja tu kwenye hema la—"

"Zipu haijawahi kuwa moja."

"Ni moja kweli, mama."

"Mwanangu, yule baba wa hema la jirani, mwenye miwani, kazi yake ni nini?"

"Ni mwalimu. Amestaafu."

"Umempelekea madaftari asahihishe?"

Meneja akacheka, mdomo peke yake, macho yalibaki kwenye mahesabu. Akasema tupumzike. Alipoondoka wifi alijilaza kitandani, akatazama juu, akaona mshono wa paa la hema. Haukuwa wake. Kambi ilikuwa imeanza kupeleka baadhi ya kazi kwa mtu wa bei rahisi.

"Uzi wa nguo," akasema, akageukia upande mwingine na kusinzia saa ileile ya mchana, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, tukapanda gari. Lilikuwa gari lisilo na vioo wala milango ya maana, viti vimepangwa kwa ngazi, na juu turubai limewambwa kwenye vyuma. Tulikuwa sita: yule mwalimu mstaafu na mkewe, maharusi wawili waliokuwa wakishikana mikono hata wakifunga mikanda, na sisi. Dereva alikuwa mtu mzima wa kofia pana, mwenye sauti ya taratibu, na abiria wote aliwaita mabosi. Kwa utaratibu wa kambi, kila mgeni ana safari moja ya gari. Hii ndiyo ilikuwa yetu. Mchana tulikuwa tunaondoka.

Tuliona swala, wengi mpaka maharusi wakaacha kupiga picha. Tuliona pundamilia. Ngiri akapita mbio na mkia juu, akasimama ghafla, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Mke wa mwalimu alikuwa na daftari la ndege, na mumewe alimkosoa kila ndege. Wifi alikaa mbele yangu. Niliona tatizo lake ni mikono. Hakujua pa kuiweka. Mwisho mkono wa kushoto uliushika wa kulia kwa nguvu, pale kwenye kidole gumba kilichopinda kwa kusukuma sindano, na ukabaki umeushika hivyo.

Dereva akasikiliza redio yake. "Mabosi, kuna tembo bwawani. Kumi na mmoja, na watoto. Robo saa tu."

Wifi akauachia ule mkono.

Upepo ulitukuta tulipotoka kwenye miti. Ulipiga mara moja kwa ubavu, na juu yetu nikasikia sauti ninayoijua kuliko sauti ya mlango wangu: mshono unafumuka. Ulianza nyuma ukaja mbele, wote, kama mtu anayefungua zipu. Turubai likagawanyika mapande mawili na kila pande likaanza kupiga vyuma. Pa. Pa. Pa. Nikatazama kingo: uzi wa nguo.

Bwawa lilikuwa mbele yetu, na tembo kandokando yake. Wa kwanza akatanua masikio. Mmoja akamsukuma mtoto kwa mkonga. Hawakukimbia, walituachia tu bwawa, kama wenye heshima zao wanavyoondoka kwenye mazungumzo ya kipuuzi. Tulipokaribia nilichoona mimi ni makalio kumi na moja ya kijivu yakiingia vichakani.

Dereva akasimamisha gari. "Kelele hii hawaivumilii. Inabidi turudi kambini lishonwe."

"Kisha tuje tena?" bwana harusi akauliza.

"Saa nzima kurudi, bosi, na saa nyingine kuja. Jua likishapanda wanaingia msitu mzito. Hapo tena hakuna."

Redio ikakoroma. Ilikuwa sauti ya meneja, anauliza tumefika wapi. Dereva akaeleza.

"Si yuko Fundi humo ndani?" redio ikasema. "Mpe sindano."

Dereva akafungua sanduku la vifaa, akatoa sindano ya magunia na kibonge cha uzi wa nailoni. Akageuka na vitu hivyo kiganjani. Watu wote wakageuka pamoja naye.

"Kumbe mama ni fundi?" mwalimu akasema. "Mungu ndiye aliyekuleta."

"Nimekuja kwa basi."

"Dakika kumi tu, mama," dereva akasema.

"Nimekusikia. Irudishe sandukuni."

Mwalimu alitabasamu, akadhani ni mzaha wa kuombwa zaidi. "Mama, wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Mwalimu, wewe ni mtu wa hesabu. Leo ni siku yangu ya ngapi?"

Mwalimu akahesabu kweli. "Ya pili."

"Basi jembe lisubiri."

Nikainama sikioni mwake. Mimi ni mtu wa biashara, siwezi kuona mlango uko wazi nikaupita. "Wifi, mishono ishirini. Unawashonea, unawaona tembo wako, halafu mimi nakwenda kwa meneja nadai alichotutoza akirudishe chote. Umepoteza nini?"

"Nitakuwa nimeinama."

"Kidogo tu."

"Niliinama hapahapa siku mbili. Walipita nyuma ya mgongo wangu, nikasikia watu wakiwasimulia. Sitainama tena humu, wifi. Wakienda na waende."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyotaja bei asiyoishusha, na mimi bei ya namna hiyo naitambua. Nikarudi kwenye kiti changu.

Dereva alimpa meneja jibu hilo, lakini redio haikuitambua bei hiyo. "Mwambieni Fundi kambi hii ni mteja wake mkubwa," meneja akasema. "Akishindwa kutusaidia dakika kumi, na sisi itabidi tufikirie upya."

Dereva aliitazama ile redio kama mtu aliyetukaniwa wageni nyumbani kwake. Akamtazama wifi.

"Mwambie nimesikia," wifi akasema. "Mwambie afikirie."

Niliseme mapema ili msomaji asikae akisubiri muujiza: meneja alifikiria, na kazi ya kambi ile ikaenda. Haijarudi mpaka leo ninapoandika. Ilikuwa karibu nusu ya meza yake. Wifi alilijua hilo pale garini, alijua kwa idadi ya mahema, na bado mikono yake ilibaki mapajani.

Mke wa mwalimu alikuwa amekwisha kufunga daftari la ndege. Bibi harusi alikuwa karibu kulia. Pa, pa, turubai lilipiga. Ndipo wifi akainua uso akalitazama lile paa.

"Limefungwa kwa kamba ngapi?"

"Kumi na mbili," dereva akasema.

"Lifungueni."

"Tulivute upande?"

"Mlitoe. Lote. Linapiga kelele kwa sababu limefungwa. Mkilifungua litanyamaza."

Dereva akavua kofia, akaivaa tena. "Mama, utaratibu wa kambi ni gari liwe na paa."

"Kwa ajili ya wanyama?"

"Hapana. Kwa ajili ya jua, wageni wasiungue."

"Mimi ni mgeni. Nimekubali kuungua." Akawageukia wenzetu. "Nyie?"

Wa kwanza kujibu alikuwa mke wa mwalimu. Alivua mtandio begani, akaufunga kichwani kwa fundo moja la maana. "Baba, simama ufungue kamba," akamwambia mumewe. "Umeongea tangu asubuhi, sasa fanya kitu."

Bwana harusi akapanda juu ya vyuma. Mwalimu akashika upande wake. Wifi aliketi palepale, akawaongoza kwa kidole: siyo hiyo, anza ya katikati, hiyo ya kona iache mwisho, ukiianza itakupiga usoni, fundo hilo usilivute, lisukume ndani litajifungua lenyewe.

"Naona umeanza kazi," nikamwambia.

"Nafanya kazi ya mdomo. Hiyo hata meneja anaiweza."

Kwa muda wa kama robo saa turubai likawa chini, limekunjwa, nami nimelikalia. Lilikuwa na uzito wa kilo kumi na mbili hivi, kitambaa kizuri kabisa kilichoaibishwa na uzi. Juu yetu hapakuwa na kitu, vyuma vitupu na mbingu. Jua likatushukia utosini bila salamu.

Dereva alikuwa ameanza kuchangamka. Alisema anajua tembo hawa wanavukia wapi, kuna korongo kavu upande wa pili wa vichaka, na kama tutazunguka polepole tunaweza kuwatangulia. Tukazunguka. Akaegesha juu ya ukingo, akazima injini. Tukasubiri. Shingo ziliungua. Hakuna aliyelalamika, maana paa tulilitoa wenyewe na lawama ilikuwa yetu sote.

Redio ikaamka. "Gari jingine limewaona mmetoa paa. Hilo ni kosa. Rudini kambini mara moja."

"Nimwambie nini?" dereva akauliza, na hakuwa akituuliza sote.

"Mwambie wageni wamekataa."

Dereva akabonyeza kitufe. "Meneja, wageni wamekataa," akasema, kwa sauti yake ileile ya taratibu, kisha akaipunguza redio mpaka ikawa kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

Sikusikia walipokuja. Hilo ndilo lililonishangaza, mimi ninayesikia hata mteja anayepita mbele ya duka bila kuingia. Korongo lilikuwa tupu, nikafuta jasho, nikafungua macho, likawa limejaa. Walikuja mmoja nyuma ya mwingine, miguu inashuka kwenye mchanga kama inashushwa juu ya godoro. Mbele alikuwa jike mzee mwenye sikio lililochanika, mifupa ya kichwa imejitokeza. Mtoto mmoja alitembea chini ya tumbo la mamaye, akijikanyaga.

Wengine walivuka. Yule jike mzee akapanda ukingo na kuja kwetu.

Dereva akaweka mkono kwenye ufunguo. "Msisogee," akasema kwa pumzi tu. Bibi harusi alikuwa ameshashuka chini ya kiti. Mwalimu, mtu wa maneno, alifumba macho. Mimi nilifanya hesabu ya haraka ya vitu nilivyoviacha nyumbani bila wosia.

Alisimama hatua mbili kutoka garini. Nilisikia tumbo lake likinguruma kama pipa linaloviringishwa mbali. Akauinua mkonga, ukapita kati ya vile vyuma vya paa, ukaingia mle ambamo turubai lingeuzuia, ukanyoosha ncha yake yenye unyevunyevu juu ya vichwa vyetu. Ukanusa mtandio wa mke wa mwalimu. Ukanusa chuma. Ukashuka ukasimama mbele ya uso wa wifi yangu, karibu kiasi kwamba nywele zake za pembeni zilitikisika kwa pumzi yake. Harufu ilikuwa ya majani yaliyolowekwa siku nyingi.

Wifi hakurudi nyuma. Alikuwa ameketi wima, mgongo haukugusa kiti, mikono magotini. Alimtazama jichoni, lile jicho dogo la kahawia lenye kope ndefu, na mnyama akamtazama yeye. Sijui walikaa hivyo kwa muda gani. Mimi napima vitu kwa kazi yangu, lakini kile sikukipima.

"Leo huna cha kupasua," wifi akamwambia, polepole.

Mkonga ukaondoka. Jike akashusha pumzi nzito, akageuka kwa uzito wake wote, akashuka korongoni. Hakwenda mbali. Alisimama pamoja na wenzake kwenye mchanga, wakaanza kuchimba maji kwa miguu na mikonga, wakirusha mchanga pembeni, na mtoto akaingiza mkonga wake kwenye shimo la mama, akafukuzwa, akarudi, akafukuzwa tena. Bibi harusi akatoka chini ya kiti. Mwalimu akafungua macho, akamuuliza mkewe nini kimetokea, na mkewe akamwambia angekuwepo angejua.

Dereva alijifuta uso kwa kofia. Alikuwa anatokwa na jasho hadi kwenye kope. Akashika usukani.

"Haya mabosi," akasema. "Tumemaliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Nadhani sasa tunaweza kurudi. Jua hili litawatoa malengelenge, na meneja ananisubiri mimi."

Akawasha injini. Kule chini masikio mawili matatu yalitikisika.

"Dereva," wifi akasema. Hakuyaondoa macho yake korongoni. "Safari yetu inakwisha saa ngapi?"

"Saa nne, mama. Lakini—"

"Na sasa ni saa ngapi?"

Nikatazama saa yangu, nikamjibia. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini.

Akazima injini.